Nyumba haikutokana na kuumba

Nimekuwa nikihariri miswada na kufundisha sarufi kwa muda wa kutosha kujua ni sentensi gani itanifikia kabla mwezi haujaisha: kwamba neno "nyumba" limetokana na kitenzi "kuumba", kwa sababu nyumba ndimo familia inamoumbwa. Nimeisikia katika nasaha za harusi, nimeikuta katika dibaji za vitabu, na wiki iliyopita nimeifuta kwa kalamu nyekundu katika insha ya mwanafunzi ambaye kwa mambo mengine ni makini sana. Ni wazo tamu. Kasoro yake ni kwamba sarufi ya Kiswahili chenyewe inalikataa, na ushahidi umo katika maneno ambayo kila msemaji huyatamka tangu utotoni.

Tuanze na viambishi, kwa maana anayekisia asili ya nomino bila kuitazama ngeli yake anabahatisha tu. Kivumishi "-eupe" huanza na irabu, hivyo tunasema nyeupe, cheupe na jeupe. Sasa weka kando yake nyumba, chumba na jumba. Mpangilio ni uleule: shina ni "-umba", nalo limepokea kiambishi cha ngeli ya N, kisha "ki-" ya udogo iliyogeuka "ch-", kisha "ji-" ya ukubwa iliyobaki "j-". Maana yake ni kwamba chumba, kwa umbo lake, ni nyumba ndogo, na jumba ni nyumba kubwa. Hapo ndipo watetezi wa kuumba hushangilia, kwa kuwa shina linafanana na kitenzi chao herufi kwa herufi.

Lakini tazama nomino ambazo kweli zimetokana na kuumba. Kitu kilichoumbwa huitwa kiumbe, wala hakiitwi "chumbe". Wingi wake ni viumbe, ilhali wingi wa chumba ni vyumba. Mwenye kuumba ni Muumba, kwa "u" mbili zinazosikika waziwazi, si "Mwumba". Kwa nini "ki-" imeungana na shina katika chumba, ikakataa kuungana katika kiumbe? Kwa sababu katika kiumbe palikuwa na konsonanti katikati, na konsonanti hiyo ilidondoka baadaye, wakati muungano wa namna ya chumba ulikwisha kupita. Konsonanti yenyewe ilikuwa "b". Waganda bado wanayo: kwao kufinyanga udongo ni kubumba, na hiyo ndiyo maana kongwe ya kitenzi chetu pia, kabla hakijapanda daraja na kuhusishwa na kazi ya Mwenyezi Mungu. Kiswahili kimeiangusha "b" hiyo mahali pengi. Mganda husema obuntu, sisi tunasema utu.

Yupo atakayeuliza kama nyumba nayo haikupoteza "b" yake kwa njia hiyohiyo. Haikuweza. Baada ya sauti ya pua, "b" ya kale haidondoki, bali hung'ang'ania. Tunasema watu wawili na vitu viwili, lakini nyumba mbili. Tunasema uwingu, lakini wingi wake ni mbingu. Kama shina la nyumba lingekuwa "-bumba", basi ngeli ya N ingetupa "mbumba", neno ambalo sijalisikia kwa yeyote kwa maana ya makazi. Na Waganda haohao wenye kubumba huiita nyumba "ennyumba", bila "b" mwanzoni mwa shina. Lugha moja inayatenga maneno mawili waziwazi, nasi tunataka kuyaoza kwa nguvu kwa sababu tu katika Kiswahili cha leo yamefanana sura. Anayetaka kuhubiri kwamba familia huumbwa nyumbani na ahubiri, mradi asiseme kwamba ndiyo asili ya neno.

Dhana nyingine hazinichoshi kiasi hicho. Wapo wanaodai kwamba nyumba ni neno la Kiarabu, kana kwamba watu wa pwani walilala nje wakisubiri majahazi. Wakikuyu husema nyũmba, Wachewa wa Malawi husema nyumba, Wasukuma husema numba. Ni neno la Kibantu lililotangulia biashara ya bahari. Neno la Kiarabu la nyumba, "bayt", lilikuja kweli, ila likaingilia mlango wa ushairi: katika Kiarabu bayt ni nyumba na pia ni mstari wa shairi, na sisi tukachukua ubeti na beti zake. Ghorofa nayo ina safari yake. Kwa Waarabu "ghurfa" ni chumba, lakini kwa kuwa chumba tulikuwa nacho tayari, neno hilo tulilipa kazi ya kutaja tabaka la jengo.

Kuhusu jumba, wengi huamini kwamba lazima liwe la kifalme. Umbo la neno linadai ukubwa tu. Magofu ya Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa kaskazini mwa Mombasa, yanabeba jina linalounganisha jumba na mtumwa, na hakuna kosa la lugha hapo.

Dhana inayostahili maneno machache zaidi ni kwamba nyumba ni jengo tu, yaani kuta na paa, na kwamba matumizi mengine ni mafumbo ya mitaani. Mfumo wa nyumba kumi kumi ulioenezwa na chama cha TANU nchini Tanzania katika miaka ya 1960, na ule wa Nyumba Kumi ulioanzishwa Kenya mwaka 2013, haukukusudiwa kuhesabu mapaa. Nyumba hapo ni kaya, na jengo moja la ghorofa laweza kuwa na nyumba ishirini za namna hiyo. Mwanamume mwenye wake wawili husemwa ana nyumba mbili hata kama wote wanaishi ua mmoja. Unyumba ni haki na tendo la ndoa, wala hauhusiani na ujenzi. Na waume wawili waliooa ndugu wa tumbo moja kila mmoja humwita mwenzake mwanyumba, ingawa huenda hawajawahi kulala chini ya paa moja. Mfasiri mmoja aliniletea hati ya mirathi ambamo mwanyumba wa marehemu amegeuzwa kuwa mpangaji wake. Nilimrudishia ukurasa huo, naye akanijibu kwamba alikisia kutokana na neno "nyumba".