Mgongo na nyonga vinauma miezi sasa? Kitanda si dawa

Wengi wanaokuja kwetu kitengo cha fiziotherapia wanakuja na bahasha ya picha mkononi, neno la kwanza "nimeambiwa pingili za uti wa mgongo zimesagika", ukimuuliza nyumbani unafanyaje anakwambia nimepumzika tu, hata maji sichoti. Hapo ndo shida inakua. Misuli ya mgongo na makalio ikikaa bila kazi inalegea, viungo vinakakamaa, siku akiinuka kila kitu kinauma kuliko mwanzo.

Maumivu yakipita miezi 3 tunayaita sugu. Na hizo pingili zisikutishe sana, ukiwapiga MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku) watu wa miaka 50 ambao hawaumwi popote wengi utazikuta hizo hizo kasoro, ni umri tu.

Angalia kwanza inauma wapi. Ikiuma kwenye kinena, hasa ukivaa soksi au ukichuchumaa chooni, mara nyingi ni nyonga yenyewe. Ikianzia kiunoni ikashuka kwenye kalio mpaka chini ya goti, na ganzi ikiwepo pia, hapo ni mshipa wa fahamu unabanwa huko mgongoni. Ikichoma pembeni pale unapolalia ubavu, mara nyingi ni kano (nyuzi zinazoshika misuli kwenye mfupa), weka mto katikati ya magoti utalala vizuri. Mwenye selimundu nyonga ikimuuma asikae nayo nyumbani jamani, damu inaweza isifike kwenye kichwa cha mfupa wa paja na mfupa ukafa taratibu, huyo aende akapigwe picha mapema.

Wengine wote, tembeeni. Utafiti wa Australia uliotoka 2024 kwenye jarida la The Lancet ulichukua watu 701 ambao mgongo ulikuwa umewatulia, waliopewa mpango wa kutembea na kuelekezwa na fizio walikaa karibu siku 208 kabla maumivu ya kuwazuia kazi hayajarudi, wenzao ambao hawakupewa mpango huo siku 112. Lengo lilikuwa dakika 30 mara 5 kwa wiki, ila wewe anza hata na 10, jioni jua likipoa. Ongeza na zoezi la daraja: lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, inua kiuno, hesabu mpaka 5, shusha, rudia mara 10. Kuuma kidogo sio kosa, ila kesho yake ikiwa bado imepanda basi punguza.

Kazi za ndani hatusemi uache, badilisha namna tu. Ufagio wa chelewa ufunge mpini mrefu, beseni la kufulia lipandishe kwenye meza, ndoo ya lita 20 igawe mbili za 10 ubebe huku na huku. Na kama unatembelea fimbo, ishike mkono wa upande usiouma! Nyonga ya kulia ikiuma fimbo iwe kushoto, watu wanabisha sana hili mpaka wakijaribu.

Kitaulo cha maji ya moto dakika 15 kinatuliza, mwenye kisukari na ganzi apime joto kwa mkono wa mtu mwingine. Mikanda ya mgongo inauzwa kila kona lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2023 haushauri kuitumia kwa maumivu sugu ya mgongo, hela hiyo nunua raba za kutembelea. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, nayo watu wanaimeza kama karanga, miezi na miezi bila kuonana na daktari, inachimba vidonda vya tumbo, inapandisha presha, inaumiza figo.

Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda pamoja na mgongo kuuma, nenda kapimwe, TB inaingia hadi kwenye uti wa mgongo. Mzee akianguka akashindwa kukanyaga, hospitali, asichuliwe. Na ukiona ganzi sehemu za siri, mkojo au choo vinagoma au vinatoka vyenyewe, au miguu inaishiwa nguvu, usisubiri asubuhi, nenda emajensi usiku huo huo.