Yatokanayo: lile neno la kwenye ajenda ya baraza la madiwani lina maana gani hasa

Mbukwenyi wadau. Juzi jamaa yangu wa Nkuhungu, hapa Dodoma, kanipigia ananiambia bwana nimetoka kwenye mkutano wa mtaa, mtendaji kasoma ajenda, ya tatu anasema "yatokanayo", watu wote wakatikisa vichwa kama wameelewa na mimi nikatikisa, sasa hebu niambie ni kitu gani. Nilicheka sana maana hata mimi nimetikisa kichwa hivohivo miaka kibao, mpaka siku nilipoenda kukaa viti vya nyuma kwenye baraza la madiwani ndo nikajua kumbe hiyo ajenda ambayo watu wanaitumia kwenda kujisaidia na kupokea simu nje ndo ajenda yenyewe.

Tuanze na neno. Ukirefusha unapata "mambo yatokanayo na muhtasari wa kikao kilichopita", yaani mambo yaliyozaliwa na kile tulichokubaliana mara ya mwisho tulivyokaa. Watu wa vikao wakachoka kusema yote hayo, wakalitupa "mambo" huko, likabaki yatokanayo peke yake linajitegemea kama jina. Ndugu yake ni "mengineyo", ile ya mwisho kabisa kabla ya kufunga, nayo ni "mambo mengineyo" iliyokatwa kichwa. Hizi mbili zipo karibu kila kikao cha Kitanzania, kuanzia kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa mpaka halmashauri ya jiji.

Kama umewahi kukaa kamati ya harusi basi yatokanayo unaijua, ila hujui tu kama unaijua. Ni ile dakika katibu anafungua daftari anasema, kikao kilichopita mjomba aliahidi kreti tano za soda, mjomba mwenyewe yuko hapa, zimefikia wapi? Na mjomba anaanza kukohoa. Sasa chukua hicho kikohozi ukiweke kwa mkuu wa idara mwenye tai, mbele ya Mstahiki Meya, ndo baraza la madiwani hilo.

Baraza lenyewe kwa ufupi, maana hili wengi mnalijua. Madiwani wa kata zote wa kuchaguliwa (jiji la Dodoma lina kata 41), madiwani wa viti maalum na wabunge wa eneo hilo. Mkurugenzi siyo bosi wa kikao, pale yeye ni katibu, japo ndiye anayeshika mafaili na wataalam wote wako chini yake. Anayeongoza kwa jiji na manispaa ni meya, kwa halmashauri za mji kama Kondoa na zile za wilaya kama Bahi au Kongwa ni mwenyekiti wa halmashauri. Kikao cha kawaida kinakaa kila robo mwaka, yaani miezi mitatu mitatu, na mwaka wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo ukisikia "baraza la robo ya kwanza" jua linazungumzia Julai hadi Septemba na siyo Januari. Hapo watu wengi wanachanganya, mi mwenyewe nilichanganya.

Sasa hizo robo ndo zinafanya yatokanayo iwe kitu kikubwa. Mkikubaliana kitu leo, kisheria na kiutaratibu watu haohao watakutana tena kukiulizia miezi mitatu mbele. Katikati hapo kuna kamati za kudumu, ya fedha inakaa kila mwezi, nyingine zinaangalia mipango miji na mazingira, elimu, afya na uchumi, lakini hizo wewe mwananchi huingii. Unaloruhusiwa kuingia na kukaa kimya kusikiliza ni baraza lenyewe. Na ndani ya baraza, sehemu kubwa ambapo mtu anasimama kujibu "mlisema mtafanya, mmefanya?" ni yatokanayo, mengine mengi ni taarifa mpya juu ya taarifa.

Kabla yake wanathibitisha muhtasari. Meya anasema ukurasa wa kwanza, kimya, ukurasa wa pili, mheshimiwa ananyoosha mkono jina lake limekosewa herufi, mwingine anasema ameandikwa hakuhudhuria wakati alitoa udhuru, na mnaweza kumaliza nusu saa kwenye hayo mpaka unatamani kulala. Usilale. Hapa ndo kitu kinaweza kuuawa bila damu, kwa sababu muhtasari ukishathibitishwa ndo ukweli wa kikao, kilichosemwa na hakikuandikwa hakikusemwa. Na kuna tofauti kubwa ya "baraza liliazimia" na "mjumbe alishauri". Azimio lina mtu wa kulitekeleza, litarudi robo ijayo likiwa na safu yake kwenye jedwali. Ushauri ni upepo wa Dodoma, unapita unakuachia vumbi machoni basi.

Twende na mfano, na mfano mzuri kwa huku kwetu ni boma. Wale wa mbali, boma hapa siyo la ng'ombe wala la Mjerumani, ni jengo ambalo halijaisha. Wananchi wanachanga, wanafyatua tofali, wanasomba mchanga korongoni, wanapandisha kuta za zahanati au madarasa mpaka kwenye lenta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), halafu halmashauri inatakiwa iingie imalizie kupaua na mengine. Ndo utaratibu uliozoeleka, na nchi nzima maboma yamesimama yanasubiri.

Tuseme mtaa wenu mmefika lenta. Mwenyekiti wa mtaa anapeleka kwenye kamati ya maendeleo ya kata, wenyewe wanaiita WDC, mwenyekiti wake diwani na katibu wake mtendaji wa kata. Kutoka hapo inakwenda halmashauri, wakuu wa idara wanaichambua, inapita kwenye kamati inayohusika, inafika baraza, diwani wenu anasimama anasema kwa uchungu, wenzake wanagonga meza, baraza linaazimia boma likamilishwe. Mnarudi mnasherehekea. Nawaambia mmemaliza nusu ya kwanza tu, mechi yenyewe iko kwenye yatokanayo.

Robo inayofuata kwenye kabrasha (lile fungu nene la karatasi wanalopewa waheshimiwa, siku hizi sehemu nyingi wanapewa kwenye kishikwambi ila jina limebaki kabrasha) kunakuwa na jedwali, namba, azimio, utekelezaji. Hiyo safu ya utekelezaji ina lugha yake na ukishaijua huwezi kuisoma tena kama zamani. "Utekelezaji unaendelea" inaweza kuwa fundi yuko juu ya paa saa hii, inaweza pia kuwa faili halijatoka kwenye droo, yote mawili yanaandikwa maneno yaleyale. Ukiiona robo mbili mfululizo bila hata namba moja ndani yake, yaani hakuna shilingi, hakuna mabati mangapi, hakuna tarehe, anza kuwa na wasiwasi. "Wataalam wamefika eneo husika na kufanya tathmini" maana yake gari lilikuja. Siyo kitu kibaya, bila tathmini hakuna makadirio na bila makadirio hakuna hela, ila kazi bado haijaanza. "Itatekelezwa kulingana na upatikanaji wa fedha" ni hapana yenye adabu. Mtu akikuambia hivo ukimkopesha utajua umeshapoteza.

Halafu kuna "itaingizwa kwenye bajeti ijayo", hii ina ukweli ndani yake na watu wanaitukana bure. Bajeti ya halmashauri inapita barazani miezi ya mwanzo ya mwaka, kabla hata Bunge la bajeti halijaanza Aprili hapa mjini kwetu. Sasa nyie boma mmelifikisha lenta mwezi Aprili, bajeti ya Julai imeshapita, kwa hiyo bajeti ijayo ni ya Julai ya mwaka unaofuata, ni mwaka na zaidi hapo hamjalogwa wala hamjachukiwa. Ndo maana wale wenyeviti wajanja wa mitaa wanahangaika kupeleka mambo yao WDC kabla ya Krismasi. Hakuna anayewafundisha, wameumizwa wakajua.

Na ipo "barua imeandikwa kwenda TARURA", yaani wakala wa barabara za vijijini na mijini. Hapa nisimame kidogo maana madiwani wanalaumiwa sana kwa hili. Barabara nyingi za mitaani na makaravati yake tangu 2017 ziko chini ya TARURA, maji ya mjini ni DUWASA, umeme TANESCO, na hao wote mkurugenzi wa halmashauri hawaamrishi. Kwa hiyo baraza likiazimia karavati lijengwe, kinachoweza kutokea ni barua na kuwaita waje kujieleza, basi. Mimi naona ni haki kabisa diwani akiulizwa kuhusu choo cha soko au kizimba cha taka au mtu wa ushuru anayetoza bila risiti, hayo ni ya kwao moja kwa moja. Ila kumzomea kwa ajili ya karavati pekee, tunamuonea, labda kama hata hiyo barua hakuiulizia.

Kwa Dodoma kuna yatokanayo sugu, nazo ni za viwanja. Tangu 1973 ilipoamuliwa makao makuu yahamie huku, ardhi ya mji ilikuwa chini ya CDA (mamlaka ya ustawishaji makao makuu), ikavunjwa Mei 2017 na kazi zake zikahamia kwenye manispaa, ambayo mwaka uliofuata tarehe 26 Aprili ikatangazwa kuwa jiji. Kwa hiyo manispaa ilirithi majengo, ikarithi magari, na ikarithi na ugomvi wote wa mtu aliyepimiwa kiwanja juu ya shamba la mwenzie. Hoja kama hizo hazifungwi kwa robo moja, zinatembea kutoka jedwali hadi jedwali mpaka unazizoea kama majirani. Sijui kama kuna namna nyingine, kila kimoja kina karatasi zake na wazee wake wa kuapa.

Mengineyo nayo niiseme haraka. Watu wa nje wanaipenda kwa sababu inaonekana ni uwanja huru, mtu anainuka anasema lolote, anapigiwa makofi, video inarushwa. Lakini jambo la mengineyo mara nyingi linaingia kwenye muhtasari kama "wajumbe walikumbushana umuhimu wa usafi", na robo ijayo halipo kwenye yatokanayo kwa sababu hakuna kilichoazimiwa. Diwani mzoefu hapeleki jambo zito kwenye mengineyo. Mgeni anapeleka, anatoka ameshinda, miezi mitatu baadaye anashangaa. Kwa hiyo siku ukimuona diwani wako kwenye klipu anafoka, muulize tu kwa upole, mheshimiwa, ile iliandikwa azimio?

Kitu kingine kinachochanganya ni kipindi cha uchaguzi. Mabaraza yalivunjwa kabla ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025, na kikao cha kwanza cha baraza jipya kazi yake kubwa ni kuapishana na kuchagua meya au mwenyekiti na naibu au makamu wake. Hapo katikati wataalam wanaendelea na kazi ila wa kuwauliza hayupo. Kama mtaa wenu una jambo lililoachwa hewani na baraza lililopita na diwani wenu ni mpya, mpelekeeni lile azimio la zamani na tarehe ya kikao chake, msimwambie tu "tuliahidiwa", maana atakwenda kule ataambiwa ni nani aliahidi.

Sasa namalizia na nilichokiona siku ile viti vya nyuma. Nilikuwa nimemsindikiza mwenyekiti wetu wa mtaa, jambo letu lilikuwa boma, tulikuwa tunalifuatilia kwa robo ya nne mfululizo, na mtaa wetu na halmashauri sivitaji hapa. Ikafika yatokanayo, namba saba, mkuu wa idara akasimama akasema mheshimiwa, boma hilo limepauliwa. Kweli lilikuwa limepauliwa, mabati yanang'aa tuliyaona asubuhi tukipita na bajaji. Ukumbi ukagonga meza, ikaulizwa kama kuna mwenye la kusema, kimya, ikasemwa hoja imefungwa, tukaenda namba nane. Mwenyekiti wangu akanigeukia kwa kunong'ona, "Sasa mbona halina milango wala madirisha?" Nikamwambia azimio liliandikwa kupaua, mzee wangu, milango na madirisha itabidi turudi tuanzie WDC.