Rilizi haikulengei: maneno ya upinde niliyochoka kuyasikia

Juzi saa tano usiku, simu nishaitia chaji nataka kulala, inaingia voisi ya dakika nne. Mtoto wa ami yangu huyo, yuko Michigan, msimu wa kulungu unakaribia, kompaundi, ule upinde wa kisasa wenye magurudumu, kashanunua, sasa anatafuta rilizi, kile kidude cha mkononi kinachoshika upote badala ya vidole mpaka ukifyatue. Maneno mengi weee, mara bei, mara rangi, mwisho ndo akatoa la moyoni: "Kaka, mie nataka ile yenye triga laini kabisa, ukiigusa tu ishafyatuka." Nkazima simu nkalala. Asubuhi nlipokuwa namjibu nkaona bora niandike mara moja kisha niwe namtumia kila anayeuliza, maana nimekaa miaka minane nyuma ya kaunta ya duka la mapinde huko huko Marekani kabla sijarudi Unguja, sasa nafundisha upinde hotelini pande za Kiwengwa, na suala hili la triga laini limenifata kote huko kama mdai.

Hapa nyumbani lakini msiniulize pa kuwinda. Paa nunga analindwa, na mie siku hizi napiga marobota ya majani tu na wageni waliochomwa na jua. Walioko Uingereza pia poleni, kule kumpiga mnyama wa porini kwa upinde ni marufuku kisheria, na Kenya uwindaji wa kujifurahisha ulifungwa tangu 1977. Haya ni ya ndugu zetu walioko Marekani, Kanada na Afrika Kusini, wenye leseni zao mkononi.

Haya, triga laini.

Watu wanaichukulia rilizi kama bunduki ndogo. Pini ya kulengea iliyo kwenye upinde inacheza cheza juu ya mnyama, ikipita pale penyewe tu, chap, kidole kinabonyeza, kwa hiyo triga ikiwa nyepesi ndo unawahi. Ukisikiliza inaingia akilini kabisa. Ni uongo, tena uongo unaomla mtu taratibu, kwa sababu mwezi wa kwanza anapiga vizuri, wa pili vizuri, halafu siku moja anakuja dukani kasawijika anasema upinde wangu umeharibika, hebu utazame. Nautazama. Upinde hauna hata neno moja.

Kinachotokea ni hivi. Ukiuzoesha ubongo kwamba pini ikigusa nukta ya shabaha ndo kidole kichape, unajifunza, na baada ya mishale mia kadhaa hausubiri tena, pini ikisogelea nukta tu kidole kinachapa chenyewe, na kwa vile mwili unajua kuna mshindo unakuja, bega linaruka, mkono wa upinde unashuka, mshale unakwenda kuchimba mchanga. Wengine inawageukia upande mwengine, pini inakwama chini ya nukta, mtu anaihimiza ipande haipandi, utasema imetiwa gundi, anatetemeka mpaka anashusha upinde bila ya kupiga. Mie naita kiwewe cha shabaha. Nimewaona majitu makubwa, ndevu mpaka kifuani, wameweka upinde stoo miaka miwili kwa kitu hichi. Na triga laini ndo mbolea yake, maana huwezi hata kuegemeza kidole ukatulia, itaondoka, kwa hiyo inabidi kidole kikae mbali halafu kije mbio kuchapa, na kila ukichapa unazidi kujifunza kuchapa. Ongeza na baridi ya huko, glavu juu, kidole kimekufa ganzi huhisi kitu, hapo tena usiseme.

"Sasa kaka nikichelewa si mnyama atakimbia?" Hebu tupige hesabu. Kompaundi nyingi za kuwindia zinarusha mshale kiasi cha mita 85 kwa sekunde. Sauti inakwenda kama mita 340. Kulungu akiwa mita 27 mbali, sauti ya upote inamfikia haijatimia hata sehemu moja ya kumi ya sekunde, na mshale wako uko njiani bado, utafika baada ya kama sekunde 0.3. Sauti inatangulia kila siku. Na kulungu akishtuka anajikunja kwenda chini kwanza ndo aruke, ndo maana mishale mingi inampita juu ya mgongo. Sasa hicho kidole chako cha haraka kimekusaidia nini hapo? La kukusaidia ni upinde usiopiga kelele, masafa mafupi, mnyama asiye na wasiwasi, na mshale ulioondoka mkono wako haujatikisika.

Kwa hiyo ninachomwambia kila mtu, na hapa ndo wananiona mkaidi: kaza triga. Ile skrubu ndogo ya alenki izungushe mpaka uweze kuegemeza kidole juu ya triga na isiondoke. Mwendo wake lakini uwe mdogo, isiwe inaburutika kama mlango uliovimba kwa masika. Halafu usibonyeze kwa ncha ya kidole! Kizungushe, triga ikae kwenye kiungo cha mwanzo au ndani zaidi ya hapo, vile unavokamata mpini wa ndoo ya maji. Kikishakaa hivo kiache, hakina kazi tena, kazi imebaki kwa mgongo: kiwiko kinarudi nyuma polepole, fupa la bega linasogea kwenye uti wa mgongo, mkono unarudi na kidole chake, triga inazidi kulemewa, inalemewa, mpaka upote unakwenda zake na wewe hukujua ni sekunde gani. Ukishtuka kidogo ujue umefanya sawa.

Hapo ndugu mmoja wa Toronto akaniuliza kitu sikukitegemea. Kama sijui mshale utatoka saa ngapi, Bismillahi niisome lini? Mie si shehe, fiqhi ya mawindo kaulizeni kwa wenyewe. Mie nilipokuwa dunguni nilikuwa naisoma pale pale kidole kinapokaa juu ya triga, na ukiisoma taratibu inakutuliza na pumzi.

Kujizoesha nako hakutaki hela. Kata kamba ya nailoni, ile nene ya wavuvi, funga kitanzi chenye urefu sawa na mvuto wako, upande mmoja shika kwa mkono wa upinde, mwengine tia rilizi, vuta mpaka pale unapotia nanga shavuni, yaani mkono unapokaa pale pale kila ukivuta, halafu fanya ile kazi ya mgongo. Ukichapa utajiona, hakuna upinde wa kuusingizia. Dakika 10 kila usiku huku unatazama mpira. Ukitoka hapo nenda kwenye robota kubwa, simama hatua tatu tu, usibandike nukta wala duara, lenga katikati kisha fumba macho, piga mishale 20. Fanya hivo mwezi mzima. Najua hamtofanya. Mtoto wa ami yangu kashanijibu "sawa kaka" na mie naijua sawa kaka yake.

Haya mengine nayapita mbio.

Eti mkanda wowote wa kufungia rilizi mkononi utafaa. Huu ndo ugonjwa wa pili na unazaa ule wa kwanza, kwa sababu kile kijiti kinachoshika kichwa cha rilizi kikiwa kirefu, kidole kinaifikia triga kwa ncha tu, basi tushaanza tena kudonoa. Kifupishe mpaka triga ije kwenye kiungo. Na nunua ya bizimu, kama mkanda wa saa, zile za kunata ukizibandua alfajiri msituni zinachanika kelele mpaka kijiji cha pili wanasikia, tena leo umekaza hivi kesho vile, nanga inasogea na mshale unasogea nayo. Mie tundu langu nimelizungushia wino wa maka, kila siku tundu hilo hilo, watu wananicheka.

Eti ghali ndo inapiga vizuri. Ya bei ya chini kabisa ni takataka kweli, taya zake zina makali zinakula kile kitanzi cha kwenye upote. Ukishavuka hapo unalipia chuma kizuri na skrubu zisizolegea, na zaidi ya hapo unalipia rangi.

Eti rilizi ya kubonyezwa kwa dole gumba ni ya mashindano, haiwindi. Inawinda vizuri sana, inakaa kiganjani, vifundo vya vidole vinapata pa kuegemea nyuma ya taya na nanga inakuwa ile ile kila mara. Aibu yake ni kuwa haikufungwa mkononi. Utaivua ule sambusa yako, itaanguka kutoka dunguni mita sita chini na kulungu ndo huyoo anakuja. Ifunge kamba, au tia ya akiba mfukoni, na ya akiba iwe aina ile ile tafadhali, usije ukawa na moja inapiga hapa na mwenziwe inapiga kule.

Eti ile ya bawaba, isiyo na triga, inayofyatuka kwa kuzungushwa, itakuponya kiwewe. Inaweza kukufundisha, ndiyo, lakini mtu mwenye haraka hujifunza kuizungusha ghafla kwa mkono na akawa karudi pale pale na pesa zimeshatoka. Na usiivute kwenye upinde wenyewe kabla hujaimudu kwenye kamba, ukikosea inafyatuka njiani.

Kufyatuka njiani huko si mchezo. Kuna kijana hapa hotelini, mfanyakazi mwenzangu, mjuaji, nilimwambia wakati unavuta kidole kiwe nyuma ya triga, NYUMA, kisiguse kabisa mpaka umefika nanga. Akanambia najua. Alikuwa kavuta nusu, kidole kiko juu ya triga, ikaondoka. Ngumi yake mwenyewe ikamtua mdomoni, mdomo wa juu ukapasuka, mshale ukakutwa baadae umezama kwenye mnazi juu ya usawa wa makuti ya banda la taulo. Mungu alisitiri hapakuwa na mtu. Sasa hivi mgeni akiwa anavuta na kidole kiko mbele, yeye ndo wa kwanza kupiga ukelele.

Eti rilizi inapunguza uzito wa kushikilia. Hiyo kazi ya magurudumu ya upinde. Kompaundi inayovutwa kwa ratili 60 yenye punguzo la asilimia 80, ukifika mwisho wa mvuto unashikilia ratili 12 tu, uwe na rilizi ya dola 40 au ya dola 300.

Na kuna hawa wa "wazee walivuta kwa vidole, rilizi ni kudanganya". Waturuki na Wamongolia wamevaa pete za dole gumba karne na karne, za pembe, za mfupa, za mawe, kazi yake ni hiyo hiyo ya kushika upote badala ya nyama ya kidole. Tena kompaundi ni kitu cha juzi, Holless Wilbur Allen wa Missouri kapewa hataza yake mwaka 1969, na upinde wake ni mfupi, ukiuvuta upote unakunjika pembe kali unabana vidole. Anayetaka vidole achukue upinde mrefu wa mti, mie nitampenda zaidi, ila asinisomeshe.

La mwisho, ukibadilisha rilizi umebadilisha na nanga, kwa hiyo pini zako zipange upya, si unatoa kwenye boksi Ijumaa usiku Jumamosi alfajiri uko juu ya mti.

Nilipofika hapa simu ikalia, mtoto wa ami. Kashanunua. Ile ile laini. Anauliza, hiyo alenki ya kukazia inauzwa mbali au? Nkamwambia imo ndani ya boksi, tazama chini ya kikaratasi.