Bajeti ya Lüderitz na Kolmanskop ukitokea Dar: anza kuhesabu kutoka mwisho

Wanaokuja kuniuliza habari za Namibia karibu wote huanza na nauli ya ndege. Wakishaijua, wanajumlisha hoteli, wanajumlisha chakula, wanaweka na kidogo cha pembeni, basi. Kwa safari ya Zanzibar hesabu hiyo inatosha. Kwa Lüderitz, mji mdogo wa pwani kusini mwa Namibia, haitoshi, kwa sababu ndege inakushusha Windhoek, na kutoka hapo hadi Lüderitz kuna zaidi ya kilomita 800 za barabara, nyingi zikipita kwenye nchi kame isiyo na nyumba wala duka. Hizo kilomita ndizo zinazokula pesa.

Kazi yangu ni kupangia Watanzania safari za nchi za SADC, na kwa safari hii ushauri wangu ni mmoja: hesabu yake ianzie mwisho irudi mwanzo. Anza na geti la Kolmanskop, mji wa almasi ulioachwa karibu na Lüderitz, malizia na Uwanja wa Julius Nyerere. Ukifanya kinyume utakata tiketi ya siku tano kwa safari inayohitaji saba, na kubadilisha tarehe ya tiketi ni gharama ambayo haikuwa na sababu ya kuwepo.

Kwanza tujue tunakwenda kuona nini. Mwaka 1908 mfanyakazi wa reli aitwaye Zacharias Lewala alikuwa akifukua mchanga kwenye njia ya reli nje ya Lüderitz akaokota kijiwe kinachong'aa. Alimpelekea msimamizi wake, Mjerumani August Stauch. Stauch akawa tajiri. Lewala hakupata chochote. Ndani ya miaka michache ukaota mji mzima katikati ya jangwa la Namib: hospitali yenye mashine ya eksirei, kiwanda cha barafu, ukumbi wa dansi, nyumba za ghorofa za wakubwa, na maji ya kunywa yakiletwa kwa meli kutoka Cape Town. Baadaye almasi kubwa zaidi zikapatikana kusini, karibu na mto Orange, watu wakaanza kuhama. Mwaka 1956 Kolmanskop haikuwa na mkazi tena. Leo unafungua mlango wa chumba ambacho rangi ya ukutani bado inaonekana, na mchanga umejaa hadi kwenye kitasa. Kwa sisi tuliokua tukisikia habari za Mwadui, kuona mji wa almasi ulioachwa namna ile ni somo zito.

Sasa turudi kwenye geti. Kolmanskop iko kama kilomita 10 kabla ya kufika Lüderitz. Ziara za kuongozwa hufanyika asubuhi, kwa kawaida saa tatu na nusu na saa tano, Jumapili moja tu saa nne. Kibali cha kawaida mwisho wake ni saa saba mchana. (Saa za Namibia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, rekebisha simu yako.) Anayetaka kupiga picha jua linapochomoza au linapozama hulipia kibali kingine, ghali zaidi. Kiingilio chenyewe hakitakuumiza. Kinachokugharimu ni hiyo saa saba: lazima ulale Lüderitz usiku wa kuamkia ziara. Na ukishamaliza mchana, ukizunguka na mji wenyewe, jioni imefika, unalala tena. Basi Lüderitz ni usiku mbili, hakuna njia ya mkato.

Rudi nyuma hatua moja. Kutoka Windhoek hadi Keetmanshoop ni karibu kilomita 500, na kutoka Keetmanshoop hadi Lüderitz ni kama 335. Wapo wanaoziunganisha kwa siku moja. Mimi sipangi hivyo kwa mtu yeyote. Giza likiingia wanyama wanavuka barabara, na mikataba mingi ya magari ya kukodi hairuhusu kuendesha usiku nje ya mji, kwa hiyo ukigonga swala saa mbili usiku bima haikuhusu. Lala Keetmanshoop wakati wa kwenda, lala tena wakati wa kurudi. Ongeza usiku mmoja Windhoek siku ya kutua na mmoja kabla ya kuondoka. Jumla usiku sita. Tiketi ya ndege ndiyo inafuata idadi hiyo, si idadi kuifuata tiketi.

Gari sasa. Barabara ni ya lami mwanzo hadi mwisho, na wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo gari dogo la kawaida linatosha. Usikubali kuuziwa wazo la gari la magurudumu manne kwa sababu tu umesema neno jangwa. Kwenda na kurudi, ukiweka na mizunguko ya mjini na kipande cha uwanja wa ndege, ambao uko nje ya Windhoek kwa kilomita 45 hivi, utatembea takriban kilomita 1,800. Gari linalokunywa lita 7 kwa kilomita 100 litataka lita 126, andika 130. Bei ya mafuta Namibia hupangwa na serikali na kutangazwa kila mwezi, kama EWURA inavyofanya hapa, kwa hiyo angalia bei ya mwezi wa safari yako uzidishe. Jaza tangi Keetmanshoop, na ukifika Aus, kijiji cha njiani, jaza tena, kwa sababu kutoka Aus hadi Lüderitz ni kilomita 125 bila kituo cha mafuta.

Hapa ndipo idadi ya wasafiri inapoamua kila kitu. Tuseme gari ni randi 700 kwa siku (randi ya Afrika Kusini, inayotumika pia Namibia) na lita ya mafuta ni randi 20. Namba hizo ni za mfano tu, weka za siku yako. Siku sita za gari ni randi 4,200, mafuta randi 2,600, jumla 6,800. Kwa kiwango cha mfano cha shilingi 150 kwa randi, hiyo ni shilingi 1,020,000. Ukiwa peke yako unailipa yote. Mkiwa wanne kila mmoja anatoa 255,000. Hakuna ofa ya ndege itakayokuokolea kiasi hicho. Kwa hiyo mtu akiniuliza afanye nini safari ipungue bei, namwambia tafuta wenzako watatu kwanza, ndipo tuzungumze habari za tarehe.

Na kama wenzako hawapatikani? Kuna mabasi makubwa yanayopita Keetmanshoop yakienda Afrika Kusini, na kutoka pale kuna kombi za abiria hadi Lüderitz. Nauli ni ndogo sana ukilinganisha na gari la kukodi. Ila kombi huondoka ikijaa, kwa hiyo ongeza siku moja ya akiba kila upande, na Lüderitz utahitaji teksi ya kukupeleka Kolmanskop na kukurudisha. Kwa msafiri wa peke yake bado ni nafuu.

Kwenye gari la kukodi kuna mitego miwili. Wa kwanza ni dhamana. Kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, na zinazuia kwenye kadi hiyo fedha nyingi kuliko kodi yenyewe ya gari, hadi utakapolirudisha salama. Kadi ya kawaida ya benki mara nyingi inakataliwa, na ile kadi ya mtandaoni unayoitengeneza kwenye simu haitakusaidia pale kaunta. Uliza kwa maandishi kabla hujalipa, kisha uhakikishe kwenye kundi lenu yuko mmoja mwenye kadi hiyo na leseni, kwa jina lilelile. Fedha iliyozuiwa itarudi, lakini kwa wiki nzima huwezi kuigusa, kwa hiyo isihesabiwe kwenye chakula.

Mtego wa pili ni mchanga. Karibu na Lüderitz upepo wa kusini ni mkali kiasi cha kuutambaza mchanga juu ya lami, na siku ukichachamaa unakwangua rangi ya gari na kukifanya kioo cha mbele kiwe na ukungu. Bima ya msingi kwa kawaida haigusi uharibifu wa mchanga, vioo na matairi. Lipia nyongeza. Najua inaonekana kama pesa ya bure ukiwa umekaa Sinza unapanga, lakini kioo kimoja kinazidi nyongeza ya siku zote sita. Na upepo ukichachamaa, usiendeshe. Ngoja Aus. Ndiyo maana kila bajeti ninayoiandika ina usiku mmoja wa saba ambao hauna jina, fedha yake ipo na haiguswi.

Habari njema zipo pia. Mtanzania haombi viza ya kutalii Namibia, wala Afrika Kusini kwa matembezi mafupi, kwa hiyo kupita Johannesburg hakukuongezei ada. Hata hivyo kata tiketi moja ya Dar hadi Windhoek. Ukikata mbili tofauti kwa kufuata unafuu, ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haikusubiri, na gharama ya kulala Johannesburg ni yako. Kwenye hifadhi za taifa za Namibia raia wa SADC ana kiwango chake cha kiingilio, chini ya cha wageni wa mbali. Beba pasipoti uioneshe, usisubiri kuulizwa. Beba na kadi ya njano ya homa ya manjano.

Fedha: dola ya Namibia ina thamani sawasawa na randi ya Afrika Kusini, moja kwa moja, na randi inapokelewa Namibia kama fedha halali. Dola ya Namibia hutaikuta kwenye maduka ya kubadilishia fedha ya Dar, kwa hiyo nunua randi. Pitia maduka mawili matatu mjini siku kadhaa kabla, maana randi haipatikani kila siku kwa kiasi unachotaka.

Malazi ya Lüderitz ndiyo yanayonipa kazi. Mji ni mdogo, vyumba si vingi, na tangu mafuta yagunduliwe baharini kusini mwa Namibia mwaka 2022 wageni wa kikazi wameongezeka. Desemba na likizo za shule za Afrika Kusini epuka kabisa. Na mji huu hauna joto mnalolifikiria mkisikia jangwa. Mkondo baridi wa Benguela unapita pale, ukungu unaingia asubuhi, jioni meno yanagongana. Koti nunua mtumba Karume kabla ya kuondoka. Kule utalinunua mara nyingi ya bei hiyo.

Kuna uamuzi mmoja wa malazi ambao siupimi kwa fedha. Shark Island, ile rasi ya mawe iliyounganishwa na mji, ina eneo la kupiga hema, na ni nafuu. Kati ya 1905 na 1907 Wajerumani walifanya pale kambi ya mateso. Wanama na Waherero, wanawake na watoto wakiwemo, walikufa kwa baridi, njaa na kazi za kutumikishwa, na kiongozi wa Wanama Cornelius Fredericks alifia humo mwaka 1907. Reli ya kutoka Lüderitz kwenda bara, ileile alikookotea almasi Lewala, ilijengwa kwa jasho la wafungwa hao. Ni miaka ileile ya Maji Maji, chini ya bendera ileile. Ujerumani ilikubali mwaka 2021 kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari, na tangu 2025 Namibia inaadhimisha tarehe 28 Mei kama siku ya kuwakumbuka. Nenda pale, simama. Siwawekei wateja wangu hema pale, hata wakiniambia bajeti imebana. Ikibana napunguza kitu kingine. Muda wake unatoka kwenye mchana uleule baada ya Kolmanskop, pamoja na kanisa la Kilutheri la Felsenkirche la mwaka 1912 lililo juu ya mwamba. Ukilitazama utakumbuka Azania Front pale Kivukoni.

Mpangilio wa kulipa unafuata hesabu ileile ya kurudi nyuma. Lipia kwanza vyumba vya Lüderitz, maana ndivyo vichache. Kisha gari, kwa masharti yanayoruhusu kuahirisha. Ndege iwe ya tatu, tarehe zikiwa zimeshafungwa na vyumba. Keetmanshoop na Windhoek hata wiki mbili kabla utapata. Wanaochangishana kwa mchezo au kikoba wapange zamu ya kwanza ya kupokea iangukie mwezi wa kulipia Lüderitz, halafu aliyepokea alipie vyumba vya wote siku hiyohiyo, risiti iwekwe kwenye kundi la simu kila mtu aione.

Siku ya kurudi, jaza tangi kabla ya kukabidhi gari, kwa sababu wakijaza wao wanatoza zaidi, na piga picha za gari pande zote mbele ya mhudumu. Dola za Namibia zilizobaki mfukoni zimalize Windhoek au uzibadili ziwe randi. Ukishavuka na kufika Johannesburg madukani hawazipokei.