Je, wajua kwa nini mdadisi, yule mtu wa utafiti anayezunguka nyumba kwa nyumba na maswali ya watu wanavyotumia muda wao, anakuuliza "jana saa kumi alfajiri ulikuwa unafanya nini"?

Nenda Igombe au Kayenze, huko Mwanza kando ya Ziwa Victoria, umkute mama anageuza dagaa kwenye mchanga, muulize "mama unafanya kazi gani?" Wengi watakujibu "aah, mi nipo tu nyumbani". Nipo tu! Na hapo kashateka maji, kapika uji, kaogesha mtoto, kaanika dagaa na kunguru anawafukuza yeye yeye.

Watafiti walishtukia zamani kwamba neno "kazi" linawachanganya watu, wengi wakisikia kazi wanawaza mshahara, so wanatumia diari ya muda, yaani unaelezea jana yako yote mwanzo mwisho, siku imekatwa vipande vya lisaa au hata dakika kumi na tano, na jumla lazima ifike dakika 1,440. Hapo ndo utamu ulipo, maana ukijipa sifa kwamba unasaidia sana kulea watoto inabidi uyatoe hayo masaa kwenye kijiwe au usingizi (wanaume wenzangu, tunakamatwa hapo). Na wanauliza jana kwa sababu ukiulizwa "kwa wiki unapika masaa mangapi" utataja namba yoyote iliyokujia kichwani.

Hapa Tanzania Ofisi ya Taifa ya Takwimu iliweka maswali haya kwenye utafiti wa nguvu kazi mwaka 2006, wakarudia 2014. Mtu asiyeangalia saa anasaidiwa kukumbuka kwa vitu vya kwao, ilikuwa kabla ya adhana au baada, mitumbwi ilisharudi, watoto walishatoka shule?

Shida ni kwamba yule mama wa Kayenze anageuza dagaa huku mtoto yuko mgongoni na jicho liko kwenye sufuria. Ukiandika kitu kimoja tu, kulea kunapotea kabisa, ndo maana diari nzuri ina sehemu ya "na kingine ulichokuwa unafanya muda huohuo".

Halafu kuna mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kukiwa na giza, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, sasa mdadisi akija wiki hiyo tu atarudi na ripoti kwamba wanaume wa mwaloni (pale mitumbwi inapotia nanga) wanalala na kucheza drafti. Kwa hiyo siku za kuuliza zinatakiwa zisambazwe mwezi mzima, ikiwezekana mwaka mzima. Hata kuanza diari saa kumi alfajiri, kama Wamarekani wanavyofanya kwenye utafiti wao tangu 2003, ni kwa sababu muda huo watu wengi wamelala, ila mvuvi wa dagaa ndo kwanza yuko ziwani, siku yake inakatwa katikati.

Kingine cha ajabu, kwa kanuni za kimataifa za pato la taifa kuteka maji ya nyumbani kunaweza kuhesabiwa kama uzalishaji, ila kuyapikia hayohayo maji ugali wa familia hakuhesabiwi. Mi hii bado hainiingii akilini.

Sasa chukulia bomba limefika mtaani, lile lisaa la kwenda ziwani na ndoo linaenda wapi, gengeni, kitandani, au mama anaongezewa tu nguo za kufua? Inabidi uwe na diari yake ya kabla ya bomba na ya baada, uziweke pamoja uone.