Lakini daktari, alikuwa kivulini

Wiki hii nimeyasikia tena, mara ya tatu tangu mwaka uanze: "Lakini daktari, alikuwa kivulini." Anayesema hivyo ni baba mtu mzima, anampenda mbwa wake, bado ameshikilia mnyororo. Mbwa mwenyewe, Boerboel, yaani mbwa mkubwa wa ulinzi, wa miaka 4, amelazwa mezani, kipimajoto kinasoma nyuzi 42.3, fizi zimeiva nyekundu, mate yanavutika kama ute wa bamia. Simlaumu mzee huyo. Naligombeza neno lenyewe, kivuli, maana limeshaniulia mbwa wengi.

Kivuli cha nini? Mbwa wengi wa ulinzi hapa Dar hufanya kazi usiku. Saa 12 asubuhi wanafungiwa, saa 12 jioni wanafunguliwa. Jua lote la mchana linawakuta bandani. Na banda lenyewe ni hili: tofali pande tatu, mlango wa bati ili asiwabwekee wapita njia, na juu bati tupu, bila dari. Mzee alikubali nikalione la kwake, huko Goba. Ilikuwa saa 9 alasiri. Nikainama, nikaingia, nikainua kiganja karibu na bati bila kuligusa, na joto likanishukia kama mtu kanipindulia jiko la mkaa kichwani. Beseni la maji lilikuwa pembeni, maji yake vuguvugu. Sikumaliza dakika 5 shati likawa limenigandia mgongoni. Mimi natoka jasho. Mbwa anatoka jasho kidogo kwenye nyayo, na hilo halimpunguzii chochote.

Mbwa anapoa kwa kuhema. Hewa inapita juu ya ulimi na ndani ya pua, unyevu unakauka, na unapokauka unaondoka na joto. Sasa, kila aliyekulia pwani anajua kwamba siku ya fukuto nguo haikauki kambani. Ulimi wa mbwa ni nguo hiyo. Ndani ya banda lililozibwa, yeye mwenyewe anazidi kuijaza hewa mvuke kwa kila pumzi, na wakiwa wawili ndiyo balaa, kila mmoja anavuta alichokitoa mwenzake. Tena kuhema ni kazi ya misuli, na kazi inazalisha joto. Anahema ili apoe, hapoi, anazidisha kuhema, anazidi kuchemka. Kwa hiyo usiniambie nje kulikuwa nyuzi 32 tu. Nyuzi 32 za Dodoma, hewa kavu, mbwa anazimudu. Nyuzi 32 za Dar mwezi wa pili, kaskazi ikiwa imetulia, ni habari nyingine.

Kinachomwokoa mbwa ni hewa inayopita. Bomoa ukuta mmoja na ule unaotazamana nao, weka wavu. Upande mmoja ukielekea kaskazini mashariki, kaskazi itaingia yenyewe. Inua paa. Ezeka makuti, au yalaze juu ya bati, au kwa uchache lipake bati rangi nyeupe. Maji yabadilishwe mchana, siyo asubuhi tu. Feni peke yake haimsaidii kama inavyokusaidia wewe, kwa sababu hana jasho la kukausha. Mlowanishe tumbo na miguu kwanza, halafu washa.

"Mbona wa kienyeji hawafi?" Kwa sababu hawajafungwa. Saa 8 mchana utamkuta amechimba shimo chini ya mwembe, kifua kimegusa udongo mbichi. Ana hiari ya kuhama. Mfungie kwenye lile banda, naye utamleta kwangu. Kuhusu Pug na Bulldog sirefushi: pua zile fupi zilizobonyea hazipitishi hewa ya kutosha hata Julai.

Ukimkuta anayumba, au kalala na haitiki, mpoze hapo hapo kabla ya kutafuta gari. Chukua mpira wa maji, mwagia mwili mzima, mpepee, endelea kumwagia. Usimmiminie maji mdomoni kama hana fahamu. Kuna hofu kwamba maji ya baridi yatamshtua afe. Nimeona watu wakikaa kupasha maji yawe vuguvugu huku mbwa anakata roho. Maji ya bomba yanatosha, mwagia. Taulo lililolowa ni kosa nililolifundisha mimi mwenyewe kwa miaka: likilala juu yake linapata joto upesi na linamfunika kama blanketi. Nawaomba radhi wote niliowaambia.

Vitabu vinasema acha kumpoza akifika 39.5. Ndivyo nifanyavyo, ila bila utulivu, kwa sababu kipimo cha njia ya haja kubwa huchelewa kufuata kinachotokea ndani ya mwili, na nimeshaona mbwa niliyemwacha kwa kufuata kitabu akiteremka hadi 37 na kuanza kutetemeka. Linaloninyima usingizi zaidi ni siku ya pili. Mbwa anaamka, anatikisa mkia, mwenye mbwa anataka kwenda naye nyumbani, halafu usiku anaharisha damu na madoa mekundu yanatokea tumboni, damu imeshindwa kuganda. Wawili wakija na joto lile lile siku ile ile, siwezi kukwambia yupi atapona. Ndiyo maana nang'ang'ania abaki kwenye dripu hata akionekana mzima.

Boerboel wa Goba bado yuko kwangu. Jana alikunywa maji mwenyewe. Leo alfajiri mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, na kesho saa 2 asubuhi napima tena figo. Mzee amenipigia simu kuuliza mlango wa bati aung'oe wote au akate nusu. Nimemwambia aung'oe wote.