Nembo ya Steelers si ya kubuniwa na timu

Wengi huona zile nyota tatu kwenye helmeti ya Pittsburgh Steelers, timu ya futiboli ya Kimarekani, wakadhani timu ilijichorea yenyewe, au kwamba zinahesabu makombe. Sivyo. Nembo ile ni ya sekta ya chuma ya Marekani. Timu iliipata mwaka 1962 kwa pendekezo la kampuni ya Republic Steel ya Cleveland. Ndiyo maana ina rangi ya bluu na nyekundu, ilhali jezi ni nyeusi na dhahabu. Njano ni makaa ya mawe, nyekundu ni mawe ya chuma, bluu ni chuma chakavu: malighafi za tanuru, basi.

Na kwa nini iko upande wa kulia tu? Hakuna aliyesahau kuibandika kushoto. Helmeti wakati huo zilikuwa za dhahabu, na viongozi walitaka kwanza waone inavyokaa. Msimu huo timu ikashinda mechi 9 na kupoteza 5, ushindi mwingi kuliko msimu wake wowote hadi hapo. Helmeti zikageuzwa nyeusi, neno “Steel” (chuma) ndani ya nembo likawa “Steelers”, upande wa kushoto ukaachwa mtupu. Uamuzi mzuri kabisa, kwa maoni yangu: helmeti hiyo unaitambua papo hapo.